Sarafina gani? Kuhusu kuchagua disiki za teatre ya nyimbo

Muulize kijana wa Butembo kama anajua teatre ya nyimbo ya Johannesburg, atakuambia hapana. Sasa mtajie Sarafina. Mbele hujamaliza jina, mabega yameanza kucheza, na ataimba Kizulu ambacho hakuna Mzulu angekitambua. Sisi wa rika hili tuliijua kwa filme: sale ya video, benchi za mbao, jenereta inapiga kelele inje, na mtu mmoja wa nyuma mwenye Kiingereza kidogo anawatafsiria wenzake mpaka wanamwambia anyamaze. Njo maana niliposema katika kikundi chetu kwamba disiki ya Sarafina ya kutafuta si ile ya filme, nilijibiwa maneno mingi. Mwenzetu mmoja aliandika: "Weye agronome, baki na mihogo yako." Sawa. Lakini ata mihogo hatupandi shina lolote tu. Tunauliza kwanza limetoka shamba gani.

Sarafina haikuzaliwa filme. Mbongeni Ngema aliitunga, Hugh Masekela akashirikiana naye kwa muziki, na ilifunguliwa Market Theatre ya Johannesburg mwezi wa sita 1987. Mwezi wa kumi mwaka ule ule ilikuwa New York, na tarehe 28 mwezi wa kwanza 1988 iliingia Broadway, katika jumba la Cort Theatre, ikabaki pale mpaka mwezi wa saba 1989. Waliocheza walikuwa vijana weusi wa Afrika Kusini, na Leleti Khumalo njo alikuwa Sarafina. Disiki yao ilitolewa na RCA mwaka wa 1988. Filme ya Darrell James Roodt ilikuja 1992: Whoopi Goldberg ni mwalimu, Miriam Makeba ni mama wa Sarafina, na Leleti Khumalo amerudi katika nafasi yake. Filme nayo ilitoa disiki yake, na ile njo inatembea kwa telefone zetu.

Ukisikiliza kwa masikio tu, ya filme inapendeza haraka. Lakini tazama tarehe. Ndani ya mchezo, wanafunzi wa Soweto wanatayarisha teatre ya shule ambamo Sarafina anavaa kama Mandela anayetoka gerezani. Mwaka wa 1988 Mandela alikuwa bado gerezani. Masekela mwenyewe alikuwa uhamishoni tangu 1960. Watoto waliouawa Soweto kuanzia tarehe 16 mwezi wa sita 1976, kwa sababu walikataa kufundishwa kwa Kiafrikana, walikuwa wamezikwa miaka 12 tu. Mandela alitoka tarehe 11 mwezi wa pili 1990. Kwa hiyo filme ilipokuja, jambo ambalo vijana wa jukwaani walikuwa wanaliigiza lilikuwa limekwisha kutokea, na dunia nzima ilikuwa imeliona kwa televisheni.

Ni nyimbo zile zile, lakini uzito si ule ule. Wimbo wa uhuru wa 1988 unaimbwa na mtu asiyejua kama uhuru utamkuta hai. Wa 1992 unaimbwa na mtu anayekumbuka. Sisi wa Beni na Butembo hatuhitaji profesa atueleze tofauti hiyo. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka upande wa Beni, korali zetu zimeimba amani mara ngapi? Siku amani itafika tutaziimba tena, bila shaka na piano nzuri zaidi na mavazi ya rangi moja. Mtoto atakayesikiliza disiki ya siku ile atajua tulifurahi. Hatajua tulikuwa namna gani mbele.

Tabia yenyewe ya kuhifadhi sauti za wachezaji wa kwanza ina historia yake. Kwa miaka mingi huko Marekani, wimbo wa teatre ukipendwa, kampuni ya disiki ilimwita mwimbaji mwingine mwenye jina kubwa, akauimba namna yake na bendi yake. Wale waliotoka jasho jukwaani kila usiku hawakuhesabiwa. Disiki za wachezaji wenyewe zilikuwepo, moja hapa moja pale, lakini biashara yake ilisimama kweli na Oklahoma!, iliyofunguliwa New York tarehe 31 mwezi wa tatu 1943. Chama cha wanamuziki kilikuwa katika mgomo, kinakataa kurekodi tangu 1942. Kampuni ya Decca ilipopatana nacho mwaka wa 1943, Jack Kapp aliingiza studio waimbaji wa teatre ile pamoja na okestra yao. Zikatoka disiki sita katika kifuko kimoja, kila upande dakika tatu hivi. Nyimbo tatu hazikupata fasi, zikangoja mpaka 1945. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu nitalirudilia: ata ile disiki inayoitwa mama wa disiki hizi zote ilikuwa imeacha kitu inje. Ilipofika 1948, Columbia ilileta disiki ndefu ya zaidi ya dakika 20 kila upande, na kuanzia pale watu walianza kupanga mchezo karibu mzima nyumbani kwao.

Sasa tukuje Afrika. Mchezo wa kuanza nao si Sarafina, ni King Kong, na si habari ya sokwe. King Kong lilikuwa jina la utani la bondia Ezekiel Dlamini, aliyekufa kifungoni mwaka wa 1957. Todd Matshikiza alitunga muziki, Pat Williams maneno ya nyimbo, Harry Bloom mchezo wenyewe. Ulifunguliwa tarehe 2 mwezi wa pili 1959 katika sale kubwa ya chuo kikuu cha Witwatersrand, kwa sababu chuoni njo weusi na weupe waliweza bado kukaa chini ya paa moja. Nathan Mdledle wa Manhattan Brothers alikuwa bondia, Miriam Makeba alikuwa Joyce, mwenye baa. Katika bendi alikuwemo Kippie Moeketsi, alikuwemo Jonas Gwangwa, na alikuwemo kijana mmoja wa tarumbeta ambaye hakuwa amefikisha miaka 20: Hugh Masekela, yule yule wa Sarafina.

Kuna disiki mbili. Ya kwanza ni ya Johannesburg, 1959, chini ya alama ya Gallotone. Ya pili ni ya London, 1961, kikundi kilipocheza Princes Theatre, na ilitolewa na Decca. Ukimuuliza fundi wa sauti, huenda atakupa ya London. Mimi nachukua ya Johannesburg bila kufikiri mara mbili. Si kwa sababu Peggy Phango, aliyekuwa Joyce wa London, haimbi vizuri. Anaimba vizuri sana. Ni kwa sababu Makeba aliondoka Afrika Kusini mwaka ule wa 1959, mwaka wa 1960 pasipoti yake ikafutwa, na hakukanyaga tena kwao mpaka 1990. Wengi waliokwenda London hawakurudi. Matshikiza aliishia Zambia, akafa Lusaka mwaka wa 1968. Disiki ya Gallotone ni kama picha ya darasa iliyopigwa wiki moja mbele shule haijafungwa. Sauti imefinywa, ndiyo, lakini wote wamo.

Wasomaji wetu wa Kifransa watauliza: na kwetu je? Maana sisi watoto wa francophonie tulikulia na ile inayoitwa komedi mizikali ya Paris. Wafaransa mara nyingi wanafanya kinyume: disiki kwanza, jukwaa baadaye. Starmania ilikuwa disiki 1978, ikachezwa 1979. Les Misérables ilikuwa disiki mwaka wa 1980 mbele ya kuchezwa Paris mwaka ule ule, na ile ya Kiingereza ambayo dunia inaijua ilifunguliwa London tu 1985. Hapa "ya kwanza" inaweza kukudanganya. Chukueni Notre-Dame de Paris ya Luc Plamondon na Richard Cocciante, ya 1998. Kwa disiki ya studio, Esmeralda ni Noa. Jukwaani Palais des Congrès, Esmeralda ni Hélène Ségara. Disiki ya studio ni mpango wa nyumba. Ile iliyorekodiwa mbele ya watu ni nyumba yenyewe, na kikohozi cha watu ndani. Kama unatafuta teatre, chukua ya pili. Kama unatafuta tu nyimbo za kuwekea kazi ya kufua nguo siku ya posho, ya studio inatosha na inakohoa kidogo.

Mfano mwingine unaovunja kanuni ya "ya kwanza daima" ni The Lion King. Filme ilitangulia, 1994. Jukwaa lilifuata, Broadway, tarehe 13 mwezi wa kumi na moja 1997. Na mimi ninachagua ya jukwaani. Katika filme, waimbaji wa Lebo M wanafungua mlango halafu wanasukumwa pembeni. Jukwaani Julie Taymor aliwaweka katikati, na Rafiki akawa mwanamke, Tsidii Le Loka, anayeimba kwa lugha za kusini kama mtu asiyeomba ruhusa. (Kuhusu Kiswahili cha mchezo ule nisiseme mingi. Simba, rafiki, pumbaa, shenzi: waandishi walipita pwani ya Kenya na mfuko wa kuokota maneno. Na kumwambia mtu wa Beni kwamba hakuna matata, lazima uwe mtalii kweli.) Kwa hiyo simtetei mtangulizi kwa sababu ametangulia. Ninauliza ni nani alisimama mbele ya nani, na siku gani.

Sisi Wakongomani tuna disiki moja ambayo ningeiweka katika kabati hili, ingawa si teatre, ni misa: Missa Luba. Ilitoka Kamina, kule Katanga, kwa Padri Guido Haazen, na kundi la watoto na walimu lililopewa jina la Troubadours du Roi Baudouin. Watoto wa Kiluba, jina la mfalme wa Ubelgiji, miaka miwili mbele ya uhuru. Msiniulize nilisikia namna gani nilipoelewa jina hilo. Walizunguka Ulaya 1958, wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Bruxelles, na Philips ikatoa disiki. Miaka mingi baadaye, 1990, Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi tena, nayo pia kwa Philips. Ya Nairobi ni pana, ni laini, sauti zimepangwa kama safu za kahawa kwenye shamba la majaribio. Lakini Kamina hawakuwa na noti mbele yao. Mambo mingi walikuwa wanayavumbua palepale, na karatasi ya noti iliandikwa baadaye kwa kufuata walichokiimba. Kwa Missa Luba, disiki ya 1958 haikufuata kitabu. Ni kitabu kilichofuata disiki. Ile ya Nairobi ni mche mzuri sana. Ya Kamina ni mti mama.

Mnaona ninakokwenda. Mwaka wa 2017, tulipokuwa bado masomoni, kundi la wanafunzi lilicheza teatre yenye nyimbo, nusu Kinande nusu Kiswahili, kuhusu mjane anayenyang'anywa shamba la kahawa na ndugu za mume wake. Ilichezwa mara tatu, mbili Butembo na moja Beni. Dada aliyecheza mjane alitoka upande wa Mbau. Kijiji chao kilihama kisha, familia ikatawanyika. Wengine wanasema yuko Uganda, wengine hawasemi kitu. Ya usiku ule wa Beni imebaki dakika mbili na nusu kwa telefone ya mtu mmoja. Mvua inapiga manjanja, pikipiki inapita, na unamsikia mjane kwa mbali.

Mwaka wa 2022 kundi lingine lilichukua nyimbo zile, likaingia studio. Piano, sauti nne, kila kitu mahali pake. Ni kazi nzuri, niliinunua na ninaisikiliza. Sasa chama chetu kinataka kuweka wimbo mmoja kwa ukurasa wake wa kumbukumbu, na kila mtu anasema bila kufikiri: ya studio. Mwenzetu mmoja aliandika hivi: "Mtu wa inje akisikia ile ya mvua atasema hatujui kazi."

Ninaelewa woga huo. Lakini sikilizeni hizo mbili moja baada ya ingine, kama nilivyofanya. Katika ile ya studio ubeti wa nne haupo. Ni ule ambao mjane anataja vitu alivyochukuliwa, kimoja kimoja: shoka, mashine ya kumenyea kahawa, miche ya kitalu, mpaka godoro. Niliuliza sababu, nikaambiwa kuna familia ingeweza kufikiri inasemwa. Inawezekana. Nyimbo tatu za Oklahoma! zilikosa fasi kwa sababu ya urefu wa disiki. Ubeti wetu ulikosa fasi kwa sababu ya urefu wa mikono ya watu. Na katika ile ya mvua, ubeti ule upo wote, na kuna kitu ambacho hakuna studio inaweza kukitengeneza: anapotaja shoka sale inacheka, anapotaja miche sale inanyamaza, na anapofika kwa godoro, mama mmoja anamjibu kutoka kwenye viti, kwa Kinande, mbele yeye hajamaliza. Mama yule hakuwa katika mchezo. Alikuwa amekuja kutazama.

Mnajua sauti za babu zetu zimewekwa wapi? Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alipita kandokando ya pori la Ituri na mashine zake, akarekodi Wanande, Wabira, Walese, Wambuti. Leo kazi yake inatunzwa Afrika Kusini, katika chuo kikuu cha Rhodes. Kampuni iliyomsaidia kufanya kazi hiyo ni ya Gallo, wenye alama ya Gallotone, wale wale wa King Kong. Simlaumu, bila yeye tusingekuwa na kitu. Lakini Mnande anayetaka kusikia namna watu wake waliimba miaka minane mbele ya uhuru inabidi aelekee Makhanda, au anunue sidi iliyotengenezwa Ulaya. Tracey alikuwa na gari la mitambo. Sisi tuna telefone katika kila mfuko, na bado tunafuta video ili kupata fasi ya picha za harusi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni rahisi. Iwekwe ya mvua, na chini yake ya studio, kila moja na tarehe yake, na majina ya waliokubali kutajwa. Kama fasi ni ya moja tu, iwe ya mvua. Na kwa michezo inayokuja: telefone mbili, moja karibu na waimbaji juu ya kesi ya soda, si mkononi mwa mtu anayecheka, ingine katikati ya watu, zianze mbele ya wimbo na zizimwe baada ya makofi. Nakala zikae katika miji miwili tofauti, maana tunajua vitu vinavyoweza kupata nyumba moja huku kwetu.

Mwenye telefone ile ya 2017 anaishi sasa Bunia. Nimemwomba faili lenyewe, si lile lililopita kwa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp inakamuaka sauti mpaka mvua inafanana na kukaanga nyama. Amekubali. Ataweka karte memori ndani ya bahasha na kumpa dereva anayeshuka Beni, siku barabara itakubali.